Wembe Ni Ule Ule, Tazama Kinachoushika

Wembe wa kunyolea una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Nimezipima nyembe nyingi kwa maikromita pale karakanani kwetu mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam: za duka la mtaani, za Kirusi, za Kijapani zilizokuja na mtu kwa ndege. Namba inayosomeka ni hiyo hiyo. Urefu ni kama milimita 43, upana 22, na katikati lipo lile tundu refu linaloufanya wembe wa nchi yoyote ukae kwenye mashine ya nchi yoyote. Ukiuminya kati ya kidole gumba na cha shahada unapinda, ukiuachia unanyooka. Chuma chembamba namna hiyo hakiwezi kupita shavuni peke yake bila kutetemeka. Lazima kikamatwe. Namna kinavyokamatwa ndiyo hesabu nzima ya mashine ya wembe, na ndiyo inayofanya moja iuzwe kwa bei ya soda na nyingine izidi dola 200.

Mimi ni mkereza vyuma. Nakereza bushi, shafti za pampu, vipuri vya mashine za kusaga, na chochote kinacholetwa kimechakaa na mwenyewe hajui pa kupata kipya. Kazi hii hulifundisha jicho kuangalia nafasi kati ya chuma na chuma. Kwa hiyo mashine ya kwanza nzuri ya wembe iliyofika mikononi mwangu niliifungua kabla ya kunyolea, nikaipima kila upande, kisha ndipo nikatafuta sabuni.

Kilichonifikisha huko ni shingo. Ndevu zangu ni za kipilipili, na tangu ujana kila nikinyoa shingo ilijaa vipele siku ya pili yake. Wanaume wengi weusi wanaijua adha hii, na madaktari wa ngozi wanaieleza vizuri. Unywele wa kipilipili huota ukiwa umepinda tangu kwenye shina lake. Ukikatwa mfupi mno, ncha yake hubaki imechongoka, na unaporefuka hujikunja na kuichoma ngozi iliyo jirani, au hutoboa pembeni kabla haujatoka nje. Mwili unauona kama mwiba na kuupiga vita. Ndipo kinapotokea kipele chenye usaha, kisha doa jeusi, na kwa wengine kovu linaloendelea kukua. Dawa ya uhakika ni kuacha kunyoa, na anayeweza kufuga ndevu afuge. Lakini askari, mlinzi, mhudumu wa hoteli na wengine wengi hawana hiari hiyo.

Vile vichwa vya plastiki vyenye nyembe nyingi vimewaumiza sana watu wa ndevu kama zangu. Gillette ilitoa Trac II yenye nyembe mbili mwaka 1971, Mach3 yenye tatu mwaka 1998, na Fusion yenye tano mwaka 2006. Wembe wa kwanza huukata unywele na kuuvuta kidogo, unaofuata huukata tena kabla haujarudi mahali pake, na mwisho wake unywele unabaki chini ya usawa wa ngozi. Mwenye ndevu zilizonyooka hufurahia shavu laini hadi jioni. Mwenye ndevu za kipilipili ameuzika mwiba. Wembe mmoja, ukishikwa vizuri na kutokandamizwa, hukata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Ndiyo maana mashine ya babu zetu, ya wembe mmoja wenye makali pande mbili, inastahili kuangaliwa upya, na ndiyo maana ubora wa utengenezaji wake una uzito kwetu kuliko kwa Mjerumani anayeitengeneza.

Ifungue basi uone. Nyingi zina vipande vitatu: kofia ya juu, sahani ya chini na mpini. Wembe hulala kati ya kofia na sahani, na mpini hupanda kutoka chini kwa skurubu na kuvibana pamoja. Tumbo la kofia limechongwa kwa mviringo, kwa hiyo ukikaza, wembe unalazimika kupinda kuufuata mviringo huo. Siri iko hapo. Shika karatasi kwa ncha moja, itaning'inia. Ikunje kidogo kwa urefu wake, itasimama. Wembe nao ukipindishwa unakuwa mgumu, na makali yake yanaacha kuchezacheza.

Baada ya hapo kuna vipimo viwili vinavyoamua tabia ya mashine. Cha kwanza ni nafasi kati ya makali na ule ukingo wa sahani unaotangulia ngozini. Cha pili ni kiasi ambacho makali yanatokeza nje ya mstari unaounganisha kofia na ukingo huo. Nafasi kubwa huruhusu ngozi kuvimba na kuingia ndani. Makali yanayotokeza sana huifuata ngozi hata ukikosea pembe kidogo. Mashine yenye vyote viwili vikubwa tunaiita kali, na yenye vidogo ni ya upole. RazoRock, kampuni ya Kanada, huuza mashine yao ya Game Changer kwa sahani za nafasi mbili, 0.68 na 0.84 ya milimita. Tofauti kati ya hizo ni sehemu kumi na sita za mia moja za milimita, unene wa karatasi nzito kidogo, na shingo inaijua tofauti hiyo mara moja.

Sasa niseme fedha inakwenda wapi, maana swali hili naulizwa kila wiki. Kijana ninayemfundisha kazi aliniona naipima mashine yangu kwa yale mabamba membamba ya kupimia nafasi.

"Fundi, samahani," akasema, "yote hii kwa ajili ya wembe?"

Nikampa mabamba yale na mashine nyingine iliyonunuliwa kwa wachuuzi, ya bei ya chini kabisa, nikamwambia apime mwenyewe. Upande mmoja bamba la nusu milimita lilikwama. Upande wa pili liliingia na la 0.8 likaingia vilevile. Mashine moja ilikuwa na tabia mbili: ukinyoa shavu la kulia unabembelezwa, ukiigeuza kwa shavu la kushoto unakatwa. Mwenye mashine atalaumu wembe, atalaumu sabuni, atalaumu ngozi yake mwenyewe. Akapima na yangu. Pande zote mbili bamba lile lile lilipita kwa ugumu ule ule. Hakuuliza tena.

Usahihi huo ndio unaolipiwa. Ukali haununuliwi kwenye mashine, maana ukali uko kwenye wembe, na wembe hata ulio bora ni bei ndogo. Unachonunua ni hakika kwamba makali yatakaa mahali pale pale, pande zote mbili, kila utakapofungua na kufunga, kwa miaka.

Ugumu huu ni wa tangu mwanzo. Huko Ufaransa, katika karne ya 18, mtengeneza visu Jean-Jacques Perret alifikiria kuuwekea wembe mrefu kinga ya mbao. Mwaka 1880 ndugu wawili wa New York, akina Kampfe, wakapata hataza ya mashine yenye kipande kifupi na kinene cha wembe, kilichohitaji kunolewa. King Camp Gillette alikuja na wazo lingine mwaka 1895. Alikuwa muuzaji wa kusafiri wa kampuni iliyotengeneza vizibo vya chupa, vile vinavyotumika mara moja na kutupwa, na akataka wembe wa namna hiyo. Wataalamu wa chuma walimwambia bamba jembamba vile halikubali kukomazwa bila kujikunja na kupoteza umbo. Aliyemtoa hapo ni William Nickerson, mhandisi, aliyebuni njia ya kulikomaza na kulinoa. Jina linalojulikana duniani ni la Gillette, lakini sisi mafundi tumpe Nickerson haki yake.

Mwaka 1903 waliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata waliuza mashine 90,884, na tarehe 15 Novemba 1904 Gillette akapewa hataza yake. Bei ilikuwa dola 5, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa wakati ule. Watu husema mashine iligawiwa bure ili nyembe zinunuliwe. Katika miaka ile ya hataza haikuwa hivyo, mashine ilikuwa kitu cha thamani kilichowekwa kwenye kisanduku chake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Marekani ikawanunulia askari mashine kwa mamilioni, nao wakarudi nazo nyumbani na mazoea ya kujinyoa wenyewe. Hataza ilipoisha mwaka 1921 kila kiwanda kikawa huru kuiga. Faida ya uhuru huo tunaila mpaka leo: wembe uliotengenezwa Pakistani unaingia kwenye mashine ya Kijerumani kwa sababu wote wanafuata mpango ule ule wa zamani. Kichwa cha plastiki cha kampuni fulani kinaingia kwenye mpini wa kampuni hiyo tu, na ukiishiwa uko mikononi mwao.

Kuhusu malighafi, hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotea.

Mashine nyingi za bei ya kati, hata za Kijerumani, vichwa vyake ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa kromu. Merkur ya Solingen ni hivyo, Mühle R89 ya Stützengrün kule Saksonia ni hivyo, na DE89 ya Edwin Jagger wa Sheffield ina kichwa cha mpango mmoja na hiyo ya Mühle. Ni mashine nzuri. Merkur 34C ninayo, ya vipande viwili, nzito na fupi, na kwa dola 40 hadi 50 mtu hajadhulumiwa. Ila zinki ni laini. Ikianguka sakafuni uzi wa skurubu unaweza kukatika, na kromu ikishachubuka zinki iliyo chini inaanza kuliwa. Mimi naishi Kigamboni. Hewa ya bahari inakula mabati, bawaba za milango, hata sindano za cherehani. Kromu iliyochubuka haina maisha marefu kwetu.

Shaba ya manjano inachongeka vizuri kuliko vyote na ni nzito, ila nayo hupakwa kromu au nikeli, isipokuwa kwa wanaopenda iache kung'aa na kuzeeka kwa rangi yake. Aluminiamu ni nyepesi mno kwa mkono wangu.

Stenlesi ndiyo ninayomshauri mtu wa pwani, hasa ile ya daraja la 316L. Ndani yake kuna molibdeni, asilimia 2 hadi 3, inayoisaidia kustahimili chumvi. Ndiyo maana daraja hilo hutumika kwenye vyombo vya baharini. Haina rangi ya kubanduka wala ngozi ya kuchubuka. Ikichongwa kutoka kwenye nondo nzima kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, inaweza kuishi kuliko aliyeinunua. Game Changer niliyoitaja ni ya namna hiyo, na inapatikana kwa chini ya dola 100. Juu yake kuna Blackland ya Marekani na Karve ya Kanada, wanaouza kazi safi zaidi. Karve huuza sahani kwa herufi, kila herufi ikiongeza nafasi kidogo, ili mtu abaki na mpini na kofia yake na kubadilisha sahani tu. Feather ya Japani, watengenezaji wa nyembe kali kupita zote nilizotumia, wana AS-D2 ya stenlesi, ya upole sana. Rockwell 6S, pia ya stenlesi, huja na sahani tatu zenye pande mbili, kwa hiyo unapata viwango sita, namba 1 ikiwa ya upole kabisa.

Titani je? Injinia mmoja wa meli, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea mashine yake ya titani ikiwa imekwama; mpini haufunguki. Titani ina uzito wa kama gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, wakati stenlesi inakaribia 8, na ukiishika unashangaa. Lakini titani ikisuguana na titani bila mafuta hung'ang'aniana, kama ulivyofanya uzi wa mpini na uzi wa kofia. Tuliilowesha kwa mafuta usiku kucha, tukaipasha joto kidogo, ikafunguka. Nilimwambia awe anatia tone moja la mafuta mepesi kwenye skurubu mara kwa mara. Stenlesi nayo ina ugonjwa huo, kwa kiasi kidogo, na dawa ni hiyo hiyo. Nikiulizwa kama titani inanyoa vizuri zaidi, jibu langu ni hapana. Uzito wenyewe ni msaada: mashine nzito inafanya kazi bila mkono kuisukuma. Ukishavuka stenlesi iliyochongwa vizuri, fedha inayozidi inalipia uzuri wa mpini, ung'arishaji wa mkono na jina. Ni haki ya mtu kupenda kitu kizuri, nami napenda, ila ajue analipia nini.

Tuje kwenye kunyoa.

Unywele mkavu ni mgumu. Ukinywa maji kwa dakika mbili tatu unalainika sana. Kwa hiyo nyoa baada ya kuoga, au weka kitambaa cha maji ya moto shavuni. Povu la sabuni hufanya kazi mbili, kuyazuia maji yasikauke na kuutelezesha wembe. Maji ya kisima ya kwetu yana chumvi na madini, na sabuni haitoi povu ndani yake. Inaganda tu na kuacha utando mweupe. Mimi huweka ndoo ya maji ya mvua kwa ajili hii, na msimu wa kiangazi nanunua maji laini ya kunywa, kikombe kimoja kinatosha.

Brashi inasaidia kuziinua ndevu na kuingiza povu chini yake, jambo lenye maana kubwa kwa ndevu zinazolala. Hapa ndugu Waislamu wawe makini. Brashi nyingi za bei nafuu ni za manyoya ya nguruwe, na sabuni nyingine za kunyolea zinatengenezwa kwa mafuta ya wanyama. Soma maelezo. Siku hizi kuna brashi za nyuzi za kutengenezwa ambazo ni laini, zinakauka haraka, na hazina mushkeli wowote. Mimi nasali, kwa hiyo sikuwa na haja ya kujiuliza mara mbili. Wazee wetu wanaofuga ndevu nao wanahusika na kunyoa, kwa kuwa shavu la juu, shingo na ukingo wa sharubu vinahitaji mstari safi.

Kabla hujagusa wembe, pitisha vidole shingoni ukiwa na ndevu za siku mbili. Upande ambao vidole vinapita bila kukwaruza ndio mlalo wa ndevu. Usidhani mlalo ni wa kwenda chini kila mahali. Zangu chini ya taya zinalala kuelekea sikioni, na karibu na koromeo zinapanda juu. Mtu anayejua ramani ya shingo yake ameshamaliza nusu ya kazi.

Laza kofia shavuni mpini ukiwa umetoka nje kabisa, kisha shusha mpini taratibu mpaka uhisi makali yameanza kukata. Pembe hiyo, ya karibu digrii 30 kati ya wembe na ngozi, ishike hivyo hivyo. Usikandamize. Shika mpini karibu na mwisho wake kwa vidole vitatu na uache uzito wa chuma ufanye kazi. Vuta vipande vifupi, sentimita mbili mbili, suuza, endelea. Fuata mlalo. Wenye ndevu zilizonyooka hupaka povu tena na kwenda kinyume cha mlalo ili wapate ulaini wa kioo. Sisi wa vipele tusiende huko. Wala tusivute ngozi kwa mkono mwingine, maana ngozi ikivutwa unywele unatokeza, unakatwa, kisha unarudi chini ya usawa. Pita mara moja kwa mlalo, ukipenda pita tena kwa mlalo huo huo, halafu acha. Utabaki na kivuli cha ndevu, na kivuli hicho ndicho kinachoilinda shingo.

Ukimaliza, maji ya baridi, kisha jiwe la shabu, lile lile la kusafishia maji mtungini. Lipitishe ngozini likiwa limelowa. Pale panapowasha ndipo ulipokandamiza. Shabu inakaza ngozi na kuzuia damu kwenye michubuko midogo. Baadaye suuza na upake mafuta kidogo. Spiriti iachwe kabatini.

Mashine ilegeze skurubu, isuuze, ipukute, iache ikauke mahali penye hewa. Wembe usiufute kwa taulo, makali yatapata alama. Nyembe za leo ni stenlesi yenye kromiamu ya karibu asilimia 13, iliyopakwa platini, kromu au ule utando wa kuteleza tunaoujua kwenye vikaango. Pamoja na hayo zinaisha haraka, na sababu ilichunguzwa na watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2020. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa kama mara 50, lakini ukiwa huru kupinda unapokatwa, unayabonyeza makali kwa upande, na pale ambapo chuma hakina usawa kamili ndani yake kipande kidogo sana kinamegeka. Unywele uliolainika na wembe uliobanwa vizuri hupunguza masumbuko kwa pande zote. Mimi hubadilisha wembe mara tu nikihisi unavuta badala ya kukata, na siungojei ukae zaidi ya wiki moja ya kunyoa.

Wembe haukopeshwi. Tuliambiwa hivyo katika kampeni za UKIMWI tangu tukiwa wadogo, na virusi vya homa ya ini aina ya B huambukiza kirahisi zaidi kwa damu. Kila mtu awe na wake, hata ndani ya nyumba moja. Uliokwisha usiutupe ndani ya mfuko wa taka, kwa ajili ya wale vijana wanaopekua jalala kwa mikono mitupu, na mbuzi wanaokula chochote. Mimi nimekata mwanya mwembamba juu ya kopo la maziwa ya unga na kulibana mfuniko wake kwa skurubu. Nyembe zinaingia na hazitoki, na kopo moja linachukua miaka kujaa. Likijaa linakwenda kwa wanaoyeyusha chuma.

Kwa anayeanza na ana vipele, ushauri wangu ni stenlesi yenye nafasi ndogo: Game Changer ya 0.68, au Rockwell 6S kwa kuanzia sahani namba 1 na kupanda taratibu. Mwenye ndevu zilizonyooka na ngozi tulivu achukue Merkur 34C au Mühle R89, ajifunze, kisha aamue. Mashine za meno ya chanuo zenye makali yaliyotokeza sana, kama Mühle R41, ziachwe kwa wenye mkono uliokwisha kuzoea. Nyembe nunua za aina tofauti chache chache kabla ya kununua pakiti kubwa, maana shingo ya jirani si yako.

Na mashine ikifika, hata kama imegharimu dola 200, usiinyolee kabla ya kuikagua. Weka wembe mpya, kaza, itazame kutoka juu kwenye mwanga wa dirisha: makali yawe yametokeza sawa kulia na kushoto, na mstari wake uende sambamba na ukingo wa kofia bila kupinda. Chukua vipande vya karatasi nzito, uvipange kimoja juu ya kingine mpaka vipite kwa shida kwenye nafasi ya upande mmoja, halafu jaribu upande wa pili. Zikitofautiana, fungua, ugeuze wembe ili makali yaliyokuwa kulia yawe kushoto, kaza tena na upime. Tofauti ikihama pamoja na wembe, tatizo ni la wembe, weka mwingine. Ikibaki upande ule ule, tatizo ni la mashine. Ifute, irudishe kwenye boksi lake, na umwambie muuzaji upande gani umezidi na kwa karatasi ngapi.